Kutoka Trudering hadi Old Trafford

Majina yale manane niliyashika kichwani kabla sijamaliza kukariri hesabu za kuzidisha. Bent, Byrne, Colman, Edwards, Jones, Pegg, Taylor, Whelan. Ni wachezaji wa Manchester United waliokufa katika ajali ya ndege ya Munich mwaka 1958. Mjomba wangu alikuwa akiyataja polepole, barazani kwake Tanga, kama mtu anayewataja marehemu wa ukoo kwenye dua. Kwa hiyo mwaka huu nilipompigia kumwambia kwamba nimepata likizo ya siku nne na nataka kwenda Manchester, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Anza na Munich, mjomba. Wao walitokea huko."

Ninaishi Stuttgart kwa ajili ya kazi, na Munich si mbali kwa treni. Nilifika asubuhi ya katikati ya Februari, baridi ya kukata masikio, nikapanda treni ya chini ya ardhi, ile ya U2, kuelekea upande wa mashariki. Uwanja wa ndege wa Riem haupo tena. Ulifungwa mwaka 1992, na sehemu kubwa ya eneo lake sasa ina kumbi za maonyesho ya biashara na nyumba za watu. Nilishuka nikatembea hadi Trudering, mtaa wa makazi uliotulia, wenye bustani ndogondogo zilizolala chini ya theluji. Hapo, penye pembe ya barabara mbili, ndipo palipo na uwanja mdogo walioupa jina la Manchesterplatz mwaka 2008, miaka 50 baada ya ajali.

Kumbukumbu yenyewe ni ndogo. Kuna jiwe la bluu iliyoiva, lililochongwa mistari ya uwanja wa mpira, lenye maandishi ya Kiingereza na Kijerumani. Ibada ya tarehe 6 ilikuwa imepita siku chache tu. Mishumaa ilikuwa imezimika ndani ya vikombe vyake vyekundu, na skafu moja ya United ilikuwa imelowa, ikaganda, ikawa ngumu kama ubao. Niliigusa nikaiacha.

Mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akimtembeza mbwa wake alisimama. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania. Aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea upande ulikokuwa uwanja wa ndege, akasema neno moja tu: "Matope." Alimaanisha matope ya theluji, theluji iliyoyeyuka nusu ikawa kama uji. Nilitazama chini. Ndiyo hiyohiyo niliyokuwa nimeikanyaga. Niliinua mguu, nikaona jinsi ilivyoshika soli na kuvuta.

Hiyo ndiyo iliyowaua. Tarehe 6 Februari 1958 United walikuwa wakirudi kutoka Belgrade, ambako walitoka sare ya 3-3 na Red Star na kuingia nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa jumla ya mabao 5-4. Ndege ilitua Munich kujaza mafuta. Rubani akajaribu kuruka mara mbili, akasimamisha. Abiria wakashushwa, wakarudishwa ndani. Katika jaribio la tatu, saa 9 na dakika 4 alasiri, ndege ilishika kasi, halafu ikaingia kwenye uji ule wa theluji mwishoni mwa njia, kasi ikashuka, isiweze kupaa wala kusimama. Ikavunja uzio, ikagonga nyumba. Kati ya watu 44 waliokuwamo, 23 walikufa, wanane wao wachezaji. Taylor na Pegg walikuwa wamehamia viti vya nyuma wakidhani huko ndiko salama.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba rubani, kapteni James Thain, alitupiwa lawama kwamba hakusafisha barafu kwenye mabawa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya serikali ya Uingereza kumsafisha jina. Mtu ameponea chupuchupu kwenye ndege iliyoua rafiki zake, kisha abebeshwe mzigo usio wake miaka yote hiyo! Mjomba hakuwahi kuacha kumtaja katika simulizi yake, nami simwachi.

Kulikuwa pia na haraka. Chama cha Ligi cha Uingereza hakikupenda klabu zake kucheza Ulaya. Mwaka 1955 Chelsea, mabingwa wa nchi, walizuiwa wasiende. Matt Busby, kocha wa United, mwaka uliofuata alikataa kuzuiwa, na United wakawa klabu ya kwanza ya England kuingia mashindano yale. Mechi ya kwanza ya nyumbani waliifunga Anderlecht mabao 10-0, na hawakuichezea hata Old Trafford, uwanja wao, maana haukuwa na taa. Walikwenda Maine Road, kwa jirani zao City. Lakini kila safari ya Ulaya ilikuwa ya katikati ya wiki, na Jumamosi lazima uwe umerudi kwa mechi ya ligi. Ndiyo sababu walikodi ndege. Jumamosi ile ilikuwa Wolves.

Kabla sijaondoka Munich nilipita nje ya hospitali ya Rechts der Isar, ambako Busby alilazwa hali yake mbaya kiasi cha kasisi kuitwa kumfanyia ibada ya wanaokaribia kufa. Akapona. Duncan Edwards, kijana wa miaka 21, alipigania uhai siku 15, akashindwa. Mchana ule wa ajali alikuwa amempelekea telegramu mama mwenye nyumba aliyokuwa akiishi, kumwambia ndege zimefutwa, atasafiri kesho. Ujumbe ulifika baada ya ajali. Nilisimama mbele ya lango la hospitali, wauguzi wakipishana na kahawa zao mkononi, nikiwaza juu ya yule mama na ile karatasi.

Jioni nilipanda ndege kwenda Manchester. Muda wa saa mbili hivi, basi. Chakula hakijashuka tumboni umeshafika. Sikusoma wala kulala, nilikaa dirishani.

Binamu yangu anayeishi Manchester alinipokea, na asubuhi tukapanda tramu. Njiani tulikuwa tukibishana kuhusu fainali ya Ulaya ya 1999, United dhidi ya Bayern, klabu ya Munich, yeye na mimi tuliyoitazama pamoja kwenye kibanda umiza kule Tanga, usiku, watu wamebanana hadi mlangoni. Bayern walitangulia kwa bao la Basler dakika ya 6. Dakika 90 zikaisha. Watu wakaanza kutoka. Sheringham wa United akasawazisha katika dakika za majeruhi, kisha Solskjær akanyoosha mguu, mpira ukagonga nyavu za juu, na benchi tuliloketi likavunjika. Mjomba peke yake hakurukaruka. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake. Nilimuuliza kwa nini analia wakati tumeshinda, akasema, "Munich, mjomba. Ni Munich." Nikiwa mtoto nilidhani Bayern ndio waliowaua wale vijana! Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba alikuwa akisema kitu kingine kabisa. Siku ile, tarehe 26 Mei, Busby angetimiza miaka 90.

Kwenye kona ya uwanja wa Old Trafford ipo saa. Ni ya kawaida tu, imetundikwa ukutani, imeandikwa tarehe 6 Februari 1958 na neno Munich. Haikusimamishwa kwenye dakika ya ajali kama nilivyokuwa nikifikiri; inatembea. Jirani yake kuna bamba lenye umbo la uwanja na majina ya waliokufa. Kisha ukiingia chini ya jukwaa la kusini kuna njia yenye mwali usiozimwa.

Nilisoma majina yote, na nikakumbuka kitabu cha mechi cha tarehe 19 Februari 1958, siku 13 tu baada ya ajali, dhidi ya Sheffield Wednesday. Mahali pa orodha ya wachezaji wa United palikuwa na nafasi tupu, kwa kuwa hakuna aliyejua nani atacheza. Walishinda 3-0. Kwenye nusu fainali ya Ulaya wakaifunga Milan 2-1 nyumbani, wakafungwa 4-0 Italia.

Miaka kumi baadaye, Wembley, walichukua kombe lile kwa kuifunga Benfica 4-1. Uwanjani kulikuwa na wawili waliotoka hai kwenye ile ndege: Bill Foulkes na Bobby Charlton. Charlton alifunga mawili. Usiku ule wenzake walikwenda kwenye sherehe, yeye akabaki hotelini, hoi. Binamu yangu anasema ni uchovu. Mimi sikubali kwamba ni uchovu tu.

Yaliyofuata kila shabiki anayajua: 1991 Rotterdam dhidi ya Barcelona, Kombe la Washindi; 2008 Moscow kwenye mvua na matuta, kombe kubwa tena; 2017 Stockholm, Ligi ya Europa, siku mbili baada ya bomu la Manchester. Liverpool wana makombe sita makubwa ya Ulaya, sisi matatu, na sibishani na hesabu hiyo.

Nilimpigia mjomba kwa video. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Nionyeshe." Nikaielekeza simu kwenye bamba, mkono ukitetemeka kwa baridi. Akavaa miwani yake, akasogea hadi kioo kikajaa uso, akaanza kusoma kwa sauti. Bent. Byrne. Colman. Alipofika kwa Edwards akaniomba nisogeze simu karibu zaidi.