Mashine mbili, jina moja: nilivyotenganisha vikao vya iSCSI

Kuta za nyumba za mji wa kale wa Lamu ni nene, za mawe ya matumbawe, na waifai haipenyi vyumba viwili ikabaki na nguvu. Kwa hiyo katika nyumba ya wageni niliyokuwa nikiihudumia nilitumia waya peke yake: mashine mbili za Linux, swichi moja ya gigabiti, na seva ya hifadhi kwenye orofa ya juu. Mashine ya kwanza inashika hesabu na vyumba, ya pili inapokea picha za kamera. Zote zinasoma diski zao kutoka kwa seva ya hifadhi kwa iSCSI, yaani njia ya kutumia diski ya mbali kupitia mtandao kana kwamba iko ndani ya mashine, poti 3260. Ya pili niliipata kwa kunakili diski nzima ya kwanza, na kosa likazaliwa hapo.

Dalili ilikuwa hivi: mashine moja ikiwaka peke yake, inashinda kutwa bila tatizo. Ukiwasha zote mbili, diski inaganda sekunde chache, inarudi, inaganda tena. Mtu wa Lamu hushuku waya kwanza, na si ujinga, maana chumvi ya bahari hula vichwa vya nyaya mpaka vikawa kijani. Lakini logi ya kernel (kumbukumbu za matukio za kiini cha Linux) hutofautisha. Waya au swichi ikiwa mbovu, mara nyingi utaona ujumbe kwamba ping, ile salamu ya kupima kama upande wa pili uko hai, imekosa jibu kwa sekunde 5, kisha kosa namba 1022 (matoleo ya zamani huandika 1011). Mimi nilikuwa napata 1020 tupu, bila ping kulalamika. Maana ya 1020 ni kwamba upande wa pili umefunga muunganisho. Seva ya hifadhi ilikuwa ikifunga kwa hiari yake.

Sababu iko kwenye namna kikao, yaani muunganisho wa mteja (mashine inayotumia diski) na seva, kinavyotambulika. Mteja anapoingia hutaja jina lake, lile la `iqn`, pamoja na ISID, namba ya biti 48 anayojichagulia mwenyewe. Seva ikikubali, humpa TSIH, namba ya kikao ya biti 16. Kikao kipya huombwa kwa TSIH sifuri. Sasa, seva ikipokea ombi la TSIH sifuri lenye jina na ISID vya kikao ambacho tayari kiko hai kwenye kundi lilelile la milango, haikatai. Huchukulia kwamba ni mteja yuleyule amezimika akarudi, hufuta kikao cha zamani na kufungua kipya. Mashine zangu zilikuwa na jina moja. Moja ikiingia, nyingine inatupwa nje. Iliyotupwa inajaribu tena, inamtupa mwenzake. Orodha ya ruhusa haikusaidia kitu, kwa sababu nayo inaangalia jina hilohilo.

Usihangaike na ISID. Ukizitazama utaziona zimefanana na utadhani umepata mchawi. Programu ya open-iscsi, ile ya upande wa mteja kwenye Linux, huanza ISID zake kwa 00023d na sehemu iliyobaki hutokana na hesabu ya vikao, basi mashine mbili zisizojuana kabisa zinaweza kuwa na ISID moja na zikaishi kwa amani, maadamu majina ni tofauti. Cha kukagua ni faili `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi` kwenye kila mashine. Zangu zilifanana herufi kwa herufi.

Kabla ya kugusa jina, kuna jambo la hatari zaidi ya kuganda. Nakala ilibeba pia `fstab`, orodha ya diski za kufunguliwa mashine inapowaka, kwa hiyo mashine zote mbili zilikuwa zikifungua diski ileile ya hesabu yenye mfumo wa faili wa ext4. Mfumo huo haujui kuwa kuna mwandishi wa pili, na kila mmoja anaandika juu ya kazi ya mwenzake. Nilizima huduma zote, nikafanya `umount` (kuifunga diski) kote, nikatoka kwenye vikao kwa `iscsiadm -m node -u`, nikachukua nakala ya diski upande wa seva, ndipo nikaendesha `e2fsck -f -n`, ukaguzi wa mfumo wa faili ambao unasoma tu bila kurekebisha. Ukirekebisha kabla ya kuwa na nakala, huna pa kurudi.

Kisha nikaenda kwenye mashine ya kamera. Nilitengeneza jina jipya kwa `iscsi-iname`, nikaliandika kwenye faili baada ya `InitiatorName=`, nikaanzisha upya `iscsid` (huduma ya iSCSI ya upande wa mteja), nikaondoa diski ya hesabu kwenye `fstab`. Kumbuka kwamba kikao kilicho hai hubaki na jina la zamani mpaka utoke na kuingia tena. Wengi hubadilisha faili kisha wakashangaa hakuna kilichobadilika. Kwenye seva, kwa `targetcli`, amri ya kupanga diski na ruhusa zake, kuna mtego mwingine: ukiongeza jina jipya kwenye ruhusa, kwa kawaida hupewa diski zote za kundi hilo. Weka `add_mapped_luns=false`, halafu umpe kila mmoja diski yake peke yake, na umalize kwa `saveconfig`.

Kuna waliowahi kunishauri nibuni ISID ya kubahatisha kila mashine inapowaka, ili vikao visigongane. Hapana. Stima ikikatika na mashine ikarudi huku seva iliyo kwenye UPS (betri ya akiba) haijagundua, ISID ileile ndiyo inayoiambia seva ifute kikao kilichokufa mara moja. Tena, anayetumia “reservation” ya SCSI, yaani mashine kuishika diski iwe yake, kwa ajili ya klasta (kundi la mashine zinazofanya kazi pamoja) ajue kwamba umiliki umefungwa kwa jina pamoja na ISID. ISID ikibadilika, diski inabaki mikononi mwa marehemu.

Swichi yetu huchelewa kuamka stima ikirudi, kwa hiyo nilipandisha `node.session.timeo.replacement_timeout`, muda wa kusubiri kikao kirudi kabla ya kuripoti kosa, kutoka sekunde 120 hadi 300. Hiyo ni kwa njia moja tu. Mwenye njia mbili za kufikia diski na multipath, programu inayoziunganisha, aishushe, hata sekunde 5, ili kazi ihamie njia ya pili upesi.

Diski ya kunakilia mashine zijazo nimeiacha na mstari mmoja, `GenerateName=yes`, ambao Debian hutumia kuunda jina mashine inapowaka mara ya kwanza. Kipimo cha mwisho: `iscsiadm -m session -P 3` kwenye kila mashine, linganisha jina na diski zilizoorodheshwa, halafu washa zote mbili na uiache logi usiku kucha. Asubuhi 1020 haikuwepo hata moja.