Namba tasa ya tarakimu 39 iliyopatikana bila kompyuta

Kama kuna namba naipenda ni hii hapa: 170141183460469231731687303715884105727. Ni mbili kipeo cha 127 halafu unatoa moja, na ni tasa. Mfaransa Édouard Lucas ndo alithibitisha mwaka 1876, kwa mkono, kompyuta hazipo, na ikakaa miaka 75 ikiwa ndo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, mpaka 1951.

Ile njia ya shuleni ya kugawa kwa 3, kwa 5, kwa 7 mpaka ufike kwenye kipeuo cha pili hapa haifiki popote, maana kipeuo chenyewe ni 13 na sifuri 18 mbele, yaani hata leo kompyuta ijaribu namba bilioni moja kila sekunde, na iruke shufwa zote, bado itakula zaidi ya miaka 200.

Lucas wala hakutafuta vigawo! Na hapa ndo utamu ulipo. Njia yake, ambayo Mmarekani Derrick Lehmer alikuja kuinyoosha miaka ya 1930, inaenda hivi: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki tu, kisha rudia. Jaribu na 31, ambayo ni mbili kipeo cha 5 toa moja: 4 inakupa 14, 14 inakupa 194 ambayo baki yake ni 8, 8 inakupa 62, na 62 ukigawa kwa 31 baki ni sifuri. Imeisha, 31 ni tasa. Unarudia mara pungufu ya kipeo kwa mbili, kwahiyo kwa 127 ni mara 125, na sifuri ikitokea mwishoni hakuna ubishi tena. Mi naona ni moja ya vitu vizuri kabisa kwenye hesabu, unajua namba haina kigawo bila kugusa hata kimoja.

Mtawa Mersenne wa Paris alishaitaja 127 kwenye orodha yake ya 1644 ya vipeo ambavyo ukipandisha mbili kisha ukatoa moja unapata namba tasa, ila orodha yenyewe ilikuwa na makosa, 67 na 257 hazimo kihalali na 61, 89 na 107 aliziruka.

Sasa angalia mnyororo huu: kipeo 2 kinakupa 3, kipeo 3 kinakupa 7, kipeo 7 kinakupa 127, kipeo 127 kinakupa namba yetu, zote tasa. Ukiifanya na yenyewe kuwa kipeo je? Inatoka namba ambayo hata idadi ya tarakimu zake inaandikwa kwa tarakimu 38. Hakuna anayejua kama ni tasa, njia ya Lucas ingetaka marudio mengi yasiyowezekana, na kigawo chake chochote lazima kiwe kikubwa zaidi ya mara mbili ya namba yetu. Watu wametafuta hawajapata. Mimi nahisi sio tasa, ila ningefurahi sana ikiwa tasa.