Mstari wa Pili

Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili ya onyo. Nilisoma mmoja.

Ulikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, Julai 2022. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha seva, feni zikivuma hadi masikio yanachoka. Kazi ilikuwa kupandisha toleo la ESXi, programu inayoiwezesha seva moja kubeba mashine pepe nyingi (kompyuta zinazoishi ndani ya programu), kwenye seva tatu, kutoka 6.7 kwenda 7.0, na mbili zilikwishapita salama. Kwa kila moja, kisakinishi kilisimama mahali palepale na kunionya kwamba prosesa zake, za mwaka 2012, huenda zisikubaliwe na matoleo yatakayofuata. Hilo nilikuwa nalijua. Nikabonyeza Enter, kazi ikaendelea. Ilipofika zamu ya seva ya tatu, yapata saa saba usiku, onyo likatokea tena, mahali palepale, kwa maneno yaleyale. Nikabonyeza Enter.

Chini ya onyo la prosesa kulikuwa na mstari mwingine: kifaa kisichokubalika, 14e4:1639, kimetajwa mara mbili. Niliuona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jicho liliuona, ila akili ikauhesabu kuwa ni mwendelezo wa ule wa juu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kukurupuka. Msaada wa toleo la 6.7 ulikuwa unakoma tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo, na baada ya hapo kusingekuwa na viraka vya usalama. Nilijiandaa kwa wiki mbili. Nilichukua bekapu za mashine pepe zote, nikahifadhi mipangilio ya kila seva katika faili lake, nikaomba ruhusa ya kuzima mifumo kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hatukuwa na leseni ya kuhamisha mashine pepe zikiwa zinafanya kazi, kwa hiyo ilibidi kuzima, kupandisha, kuwasha. Seva zilikuwa tatu, kila moja ina kumbukumbu ya GB 128, zilinunuliwa siku moja, na kwenye daftari la vifaa zimeandikwa kwa maelezo yanayofanana hadi nukta. Diski za mashine pepe hazikukaa ndani ya seva. Zilikuwa kwenye hifadhi ya pamoja, na kila seva iliifikia kwa iSCSI, njia ya kutumia diski za mbali kupitia mtandao, kwa kadi ya mtandao ya nyongeza yenye matundu mawili.

Hata orodha ya vifaa vinavyokubalika niliipitia. Niliingia seva ya kwanza, nikatoa namba za kadi zake, nikazilinganisha moja baada ya nyingine na orodha ile. Zote zilikuwa Intel i350, namba 8086:1521, na zilikuwa na draiva mpya, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kusema na kifaa. Nikaandika kwenye mpango wangu: kadi za mtandao, sawa. Seva ya pili na ya tatu sikuzigusa.

Seva ya tatu ilimaliza kusakinisha, ikajiwasha upya, ikarudi. Anwani yake ya usimamizi ilijibu. Ukurasa wake ukafunguka, kila kitu kijani. Nikakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu saa nne, nikashusha pumzi, nikafungua orodha ya mashine pepe ili nianze kuziwasha.

Majina hayakuwepo. Mahali pa kila jina palikuwa na njia ndefu ya faili, kwa herufi za kijivu, na neno moja: haifikiki. Mashine kumi na nne, pamoja na ile ya hesabu na ile ya mishahara.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa hifadhi imekufa. Nilikwenda mbio kwenye seva ya kwanza nikakuta inaiona bila shida, na ya pili vilevile. Basi ni waya. Nikazunguka nyuma ya kabati na tochi, nikaona taa za kadi ya nyongeza zimezima zote mbili. Nikabadilisha waya. Nikahamisha waya kwenye tundu jingine la swichi, kisha nikaurudisha ulipokuwa. Nusu saa ilipotea hapo, tena nusu saa ya usiku ambayo nilikuwa naihitaji sana, kwa sababu tu kitu kinachoshikika kwa mkono ni rahisi kukishuku kuliko programu niliyoisakinisha mwenyewe.

Hatimaye nikaketi kwenye konsoli nikaandika `esxcli network nic list`. Ilipaswa kunipa mistari sita, mmoja kwa kila tundu la mtandao, vmnic0 hadi vmnic5. Ilinipa minne. Nikaandika `lspci`, na hapo ndipo mwili ulipoanza kupoa: kadi ilikuwa imeorodheshwa, nzima kabisa, matundu yote mawili. Seva ilikuwa inajua kwamba kuna kadi pale. Haikuwa na draiva ya kusema nayo. Nikatoa namba zake kwa `vmkchdev -l` nikasoma 14e4:1639, na nikakumbuka nimeshaiona namba hiyo usiku uleule.

Namba hizo mbili ndizo utambulisho wa kadi. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya chipu. Kadi hii ilikuwa ya familia ya BCM5709, na draiva yake inaitwa bnx2. Kwa miaka mingi ESXi iliweza kutumia draiva zilizoandikwa awali kwa ajili ya Linux, kwa sababu ndani yake mlikuwa na tabaka liitwalo vmklinux, mkalimani aliyekaa kati ya draiva na kerneli, kiini cha mfumo. Tangu toleo la 5.5, mwaka 2013, draiva zikaanza kuandikwa moja kwa moja kwa lugha ya kerneli yenyewe. Toleo la 6.7 ndilo la mwisho lililombeba mkalimani. Lilipotoka 7.0, Aprili 2020, mkalimani hakuwemo. Kadi zilizokuwa zimeandikiwa draiva mpya hazikuhisi chochote: waliotumia igb wakapata igbn, waliotumia tg3 wakapata ntg3, waliotumia bnx2x wakapata qfle3. Bnx2 haikuandikiwa. Hayo yote yalitangazwa mapema na kwa uwazi, na mimi nilikuwa nimeyasoma.

Nilijaribu kurudi nyuma. Kwa mazoea ya matoleo ya zamani, ukibonyeza Shift na R seva inapowaka, unarudishiwa toleo lililotangulia. Ila toleo la 7.0 hupanga upya sehemu za diski ya kuwashia, na ukishavuka kutoka 6 huwezi kurudi kwa njia hiyo. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Kisha nikafanya jambo ambalo nisingemshauri mtu yeyote: nilichukua faili la draiva ya zamani kutoka kwenye diski ya 6.7 nikajaribu kulisakinisha. Likakataliwa, kwa kuwa lilidai tabaka ambalo halipo tena. Kulikuwa na namna ya kulilazimisha liingie. Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Nikajizuia, kwa kuwa hata likiingia lingekaa pale bila mtu wa kulitafsiria, na mimi ningekuwa nimeongeza uchafu juu ya shida.

Saa tisa ilikuwa imepita. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Mashine pepe zote kwa pamoja zilihitaji karibu GB 290 za kumbukumbu, na seva mbili zilizobaki zilikuwa na 256. Ningeweza kuzigawa kwenye seva hizo mbili na kuacha nyingine zimezimwa, lakini nani nimwamulie kwamba asubuhi mfumo wake hauwaki? Nikaanza kuandika majina ya mashine za kuacha. Nilipofika la tatu niliweka kalamu chini.

Seva ilikuwa na matundu manne ya i350 yaliyojengwa ndani yake. Mawili ya usimamizi, mawili ya mashine pepe. Tundu moja la mashine pepe ningeweza kulichukua. Mwendo ungepungua na njia ya akiba isingekuwepo, lakini hifadhi ingeonekana. Nikachomoa waya uliokuwa kwenye kadi ya zamani nikauchomeka kwenye tundu la vmnic3. Kwa kuwa upande wa pili wa waya ulibaki kwenye tundu lilelile la swichi, VLAN ya hifadhi (mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi) na ukubwa wa fremu, vifurushi vya data, havikuhitaji kuguswa. Nikaitoa vmnic3 kwenye swichi pepe ya mashine, nikaiingiza kwenye ile ya hifadhi. Taa ikawaka. Nikapiga ping kwenye hifadhi, ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo.

Kimya.

Dakika ishirini nilikaa nikitazama mipangilio ambayo yote ilionekana sawa. Kosa lilijificha ngazi moja chini. Kila kiolesura cha iSCSI kilikuwa kimefungwa kwenye kadi moja tu kwa jina, kama inavyotakiwa ukitumia njia mbili, na cha kwanza kilikuwa bado kinaisubiri vmnic4, kadi ambayo kwa mfumo huu haipo duniani. Vmnic3 niliyoiongeza ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya zisizotumika. Nikaipandisha iwe ndiyo inayotumika. Nikapiga ping ya kawaida, ikajibu. Nikapiga ile kubwa, `vmkping -d -s 8972`, inayokataza pakiti kukatwa vipande, kwa sababu hifadhi yetu ilitumia fremu za 9000 na nimewahi kuona ping ndogo ikipita huku data halisi ikikwama. Nayo ikajibu. Nikaagiza seva itafute hifadhi upya.

Majina yalirudi moja moja, kijivu kikigeuka cheusi. Nilisimama nikayasoma yote kumi na manne kwa sauti, peke yangu mle ndani.

Niliwasha ya hesabu kwanza, kisha ya mishahara. Kufikia saa kumi na moja na nusu alfajiri zote zilikuwa juu. Nikampigia simu mzee aliyekuwa akishika kazi ile kabla yangu. Nilijua huamka mapema, na sikuweza kungoja.

“Shikamoo, mzee. Samahani kwa saa hizi.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini?”

Nikamweleza. Hakukatiza. Nilipoitaja bnx2 alinyamaza kidogo.

“Hiyo seva ya tatu,” akasema. “Kadi yake iliungua mwaka wa pili tu. Nilikuwa na seva ya zamani imekaa bure, nikachomoa yake nikaiweka pale iwe ya muda wakati tunasubiri mpya. Mpya haikununuliwa. Ikawa inafanya kazi, ikasahaulika. Niliandika, lakini.”

“Uliandika wapi, mzee? Kwenye daftari haipo.”

“Niliandika palepale kwenye kadi.”

Nilishukuru, nikakata simu, nikabaki nikiitazama seva. Katika mfumo, kadi ile iliitwa vmnic4 na vmnic5, kama kadi za wenzake. Kila nilipoingia, kwa miaka yote niliyokuwa pale, majina sita yalikuwa sita, na sikuwa na sababu ya kuuliza nyuma ya jina kuna nini. Namba zingeniambia kwa sekunde moja. Nilikuwa nimeziuliza kwa seva moja kati ya tatu.

Kadi mpya, i350 yenye matundu mawili, ilipatikana wiki iliyofuata. Jumamosi usiku nilizima seva ya tatu, nikaivuta kwenye reli zake, nikafungua kifuniko. Mwenzangu alishika taa. Kadi ya zamani ilitoka kwa shida kidogo, vumbi limeganda kwenye ukingo wake, na upande wake wa nyuma, mahali ambapo usingeweza kuona bila kuichomoa, kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe. Wino ulikuwa umefifia lakini mwandiko wa mzee nilikuwa naujua: jina la seva ilikotoka, tarehe, na chini yake neno moja, “muda”.

Niliibandua ile plasta polepole ili isichanike, nikaibandika kwenye ukurasa wa seva ya tatu katika daftari, na pembeni yake nikaandika namba za kadi mpya. Kisha nikamwomba mwenzangu asogeze taa, tukafungua ya pili.