Dawa Ipo, Kazi Iko Kwenye Kipimo

Tangu nistaafu na kuhamia Unguja, jamaa zangu wa Leicester, Uingereza, wakinipigia simu huanza na swali lile lile: dawa unazipata? Ninazipata. Lithiamu, ninayoimeza kwa ajili ya baipola, maradhi ya akili yanayopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, ni dawa kongwe iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na daktari wa magonjwa ya akili anayenitibu huku anaijua vyema. Kinachonishughulisha ni kipimo cha damu.

Kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru havipishani sana. Uingereza hulenga kati ya milimoli 0.4 na 1.0 kwa lita, damu ikitolewa saa 12 baada ya dozi, na kikipanda mno mikono hutetemeka, mtu huharisha, ulimi huwa mzito na hatua huyumba. Figo na tezi ya shingo nazo hutakiwa kuangaliwa mara kwa mara, kwa kuwa dawa hii huweza kuzidhoofisha taratibu bila mgonjwa kuhisi lolote. Kule niliitwa kwa barua, nikaenda na kijitabu changu cha zambarau, nikajaziwa majibu. Haki ya huduma hiyo hufuata makazi, si pasipoti wala miaka uliyolipa kodi. Ukihama moja kwa moja, umeiacha.

Maabara ya kwanza niliyoiendea ilipima figo na tezi, lithiamu haikuwamo. Ya pili ilikubali kuchukua damu na kuipeleka Dar es Salaam, majibu yakafuata baada ya siku kadhaa. Kijana wa pale alipokwisha kunifunga mpira mkononi, nikamwona ameshika chupa yenye kifuniko cha kijani. Nikamwomba aibadilishe, kwa sababu chupa nyingi za namna hiyo huwa na heparini ya lithiamu ndani yake, kemikali ya kuzuia damu isigande, nayo hupandisha majibu kwa uongo. Akaisoma lebo, akacheka. "Bi mkubwa, umesomea udaktari?" Nikamwambia nimesomea maradhi yangu, akaenda kuleta nyingine.

Dukani ndiko ninakoona hatari zaidi, kwa kuwa ukilalamika magoti unapewa diklofenaki au ibuprofeni papo hapo, kwa nia njema kabisa, na zote mbili huzuia figo kuitoa lithiamu mwilini. Mimi huomba panadoli, na kabla ya kununua chochote hutaja jina halisi la dawa ninayoitumia, maana jina la kibiashara nililozoea Uingereza wengi hawalijui.

Lililoniumiza kichwa zaidi ni Ramadhani. Kushinda bila maji katika joto la hapa hukausha mwili, na mwili uliokauka huibakiza lithiamu kwenye damu. Daktari alinikataza kufunga, na kwa mgonjwa wa kudumu sheria iko wazi: hulisha maskini kwa kila siku anayokula. Hata hivyo wifi yangu aliniuliza, mbele ya wageni, mbona ninaonekana mzima. Laiti ningekuwa na kisukari, nadhani asingeuliza. Mtu anayejulikana kuwa anakwenda hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu hutazamwa kwa jicho jingine, na mzee aliyerudi kutoka Ulaya hutazamwa hivyo mara mbili. Nilimweleza baadaye jikoni, tukiwa wawili, nikamwonyesha na dalili za sumu nilizoziandika, kwani yeye ndiye atakayeziona kabla yangu.

Binti yangu sasa anataka kunitumia vidonge vya akiba kwa mtu anayesafiri, vya chapa nyingine. Chapa hizi hazifanani katika namna zinavyoingia mwilini, na kubadilisha maana yake ni kuanza kupima upya. Nimemwambia asitume kitu mpaka nizungumze na daktari, na kama atakubali, basi atume na nauli ya sampuli.