Mimea inayokula wadudu imechipua upya

Mimea ya Dionaea, ile ambayo majani yake ni mitego inayojifunga na kunasa wadudu, niliyoachiwa na jirani aliyehama hapa Mbeya ilikuwa imedhoofika kwa kupandwa kwenye udongo wenye samadi na kumwagiliwa maji ya bomba. Kwa kuwa asili yake ni maeneo ya majimaji ya Carolina Kaskazini na Kusini, nchini Marekani, ambako udongo hauna rutuba na mmea hujazia virutubisho kwa kunasa wadudu, mbolea huiunguza mizizi yake. Niliihamishia kwenye mchanga uliooshwa na mboji ya kinamasi, nikaiweka juani ndani ya sahani zenye maji ya mvua, ambayo huku kwetu, nashukuru, si haba. Baridi ya Juni inayowakera wageni huipa mapumziko inayoyahitaji. Sasa imechipua, nami nimewakataza watoto kuchokoza mitego, kwani kila mmoja hufunga mara chache tu kabla ya kunyauka.