Hati mbili zisizo na saini
Mteja wangu alipokea mifuko 600 ya saruji, akalipa nusu ya bei, kisha akanizungusha kwa miezi saba, mara hundi inaandaliwa, mara mhasibu yuko safarini. Nilipomwendea wakili ili nimshtaki, hakutaka kusikia malalamiko yangu. Aliomba ankara na hati za kupokelea mzigo, akazikagua moja moja akitafuta saini, na mbili hazikuwa nayo, kwa kuwa dereva wangu alishusha mzigo usiku, mlinzi akiwa peke yake. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania humpa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara, ila hasara yenyewe lazima ithibitishwe. Kwenye usuluhishi, ambao hutangulia usikilizwaji wa shauri, mdaiwa alikiri deni lote isipokuwa, bila shaka, zile hati mbili.