Kumbukumbu ya mradi wangu: ndevu za mzee zimekaa!

Zimekaa! Jana usiku ndevu za bandia za mzee wa igizo letu zimekaa usoni dakika 80 nzima, na mimi sikulazimika kujibanza nyuma ya pazia na tyubu ya gundi mkononi kama fundi baiskeli. Mliokuwa nami tangu Novemba mnajua nilivyoteseka.

Mwigizaji ninayempamba ni kijana wa miaka 24, anaigiza mzee wa 70 na ushee. Makunyanzi, kipara na mishipa ya mikono vilikubali mapema. Ndevu ndizo zilizogoma. Ukumbi tunaotumia hapa Moshi ni wa bati tupu bila dari, na joto la Februari mnalijua. Weka juu yake taa nne za halojeni. Nusu saa haijapita, sharubu upande wa kushoto limeshaanza kunyanyuka. Mara ya mwisho lilidondokea kwenye bakuli la mtori. Bila aibu akalitoa kwa kijiko, akamgeukia anayeigiza mkewe: "Mama watoto, huyu ng'ombe hamkumnyoa?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Igizo lenyewe ni la msiba.

Nikailaumu gundi. Nikabadilisha aina tatu za gundi ya kope za bandia, kisha nikaagiza Dar ile ya utomvu ulioyeyushwa kwa spiriti. Afadhali kidogo, lakini hali ni ile ile. Nikahamia kwenye kitambaa cha kushikilia nywele. Nilikuwa nimeshakata kipande cha chandarua ndipo nikakumbuka neti zetu nyingi zina dawa ya mbu, nami nataka kuibandika chini ya pua ya mtu! Nikapata mabaki ya shela ya bibi harusi kwa fundi cherehani wa Mbuyuni, nyepesi, na kwa mbali huioni. Nywele nilizitoa kwenye wigi la mtumba la Kiborloni, nikazifunga fundo moja moja kwa sindano ya kulabu. Sharubu peke yake limenila usiku tisa. (Katani waachieni wasuka kamba. Nimeijaribu: chini ya taa inang'aa kama nailoni.)

Bado likabanduka.

Alhamisi nikawahi kufika. Nikamkuta kijana wangu nyuma ya stoo na kopo la mafuta ya mgando, anajisugua uso hadi unang'aa kama sufuria mpya.

"We, unafanya nini?"

"Dada, siwezi kupanda jukwaani nimepauka."

Nilikaa chini. Kumbe miezi mitatu yote namfuta uso kwa spiriti, nikigeuka kusuuza brashi, mwenzangu anajipaka upya! Gundi nyingi za kope zina utomvu wa mpira ndani, na mafuta huulegeza; ile ya utomvu na spiriti nayo haishiki ngozi yenye utelezi. Mafuta hayo hayo ndiyo ninayotumia kuzibandua ndevu onyesho likiisha. Yaani alikuwa anaanza kuzibandua kabla sijazibandika.

Tumewekeana mkataba: miguu na mikono apake atakavyo, kuanzia shingoni kwenda juu ni mali yangu. Jana nilimnyoa, nikamwosha kwa sabuni, nikafuta kwa spiriti, nikasubiri pakauke kabisa. Gundi nyembamba, nikaigonga kwa kidole hadi ikaanza kunata, ndipo nikabandika. Rangi ya mafuta ya kupaka usoni ilifuata baadaye, pembeni tu. Halafu sharubu nimelikata katikati, vipande viwili, maana mdomo wa juu ukicheka unavuta, na kipande kimoja kirefu hakina pa kwenda.

Sasa mvi. Tafadhali msitumie unga wa ngano; ukikutana na jasho mnapata maandazi. Poda ya watoto nayo kwenye ngozi zetu inatoa kijivu cha maiti. Ninachanganya rangi nyeupe na tone la njano, naigusisha kwa mswaki wa zamani kwenye ncha za nywele tu. Mswaki huo siubadilishi hata kwa brashi ya laki moja.

Wiki hii nilipanga kurekebisha makunyanzi ya shingo. Sijayagusa. Nimenasa kwenye Kathakali, ile ngoma ya maigizo ya Kerala, India: mwigizaji analala chali, mpakaji anamjengea ukingo mweupe kuzunguka taya, zamani kwa uji mzito wa mchele, siku hizi mara nyingi kwa karatasi. Saa kadhaa, na wengine husinzia hapo hapo. Igizo letu lijalo lina jini, na mchele wa Kahe ninao jikoni.

Jaribio la kwanza la uji huo liko kwenye mkono wangu wa kushoto tangu saa nne asubuhi, naandika kwa mkono mmoja. Umekauka, umeshika, haujadondoka. Ila nikikunja kiwiko unapasuka kama tope la kiangazi, na jini wetu ana maneno mengi.